Maswali ya Wasomaji: Tasbihi ya Kibuddha, Punje kwa Punje

Barua nyingi za mwezi huu zimeulizia kitu kimoja: tasbihi ndefu za Wabuddha, zile zenye kishada, ambazo siku hizi hapa Mwanza utazikuta shingoni mwa vijana waliorudi masomoni India na China, na kwenye meza za wachuuzi wa bangili. Tumechagua sita. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Binti yangu amerudi kutoka India na mkufu mrefu wa punje za mbao, una kishada chekundu. Kila alfajiri anakaa kitandani anazisogeza moja moja huku midomo inacheza. Jirani kaniambia nimchunguze, eti hizo ni shanga za mganga. Naomba mnieleze ni nini hasa. (Mama, Nyakato)

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo ni tasbihi ya Kibuddha. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huitwa mala, yaani koja, kama koja la maua la kumvika mgeni. Kazi yake ni kuhesabu. Mtu anarudia maneno machache ya sala, au anafuata pumzi zake tu bila kusema lolote, na kila mara moja anasogeza punje moja. Haihusiani na uganga wa huku kwetu.

Ukiijua rosari au tasbihi ya Waislamu, umeshaielewa nusu. Rosari ya Wakatoliki ina punje 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Ya Kiislamu ina 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu. Ya Kibuddha ina 108, na majirani zetu Wahindu nao wana ya 108, kwa kuwa zote mbili asili yake ni India. Tofauti iko kwenye nia. Mbuddha hazungumzi na Muumba kupitia punje hizo. Buddha kwake ni mwalimu aliyeonyesha njia, na punje zinamkumbusha kuifuata. Wachina wameliweka hilo kwenye jina lenyewe: wanaziita nianzhu, shanga za kukumbuka. Wajapani wanaziita juzu, shanga za hesabu.

Mwombe binti akuonyeshe sehemu zake. Punje 108 zina ukubwa mmoja. Huenda kati yake utaona tatu za rangi nyingine. Hizo ni alama za robo, ili mtu ajue amefika wapi bila kufumbua macho. Pale ncha mbili za uzi zinapokutana kuna punje kubwa, inaitwa punje ya mwalimu. Kwenye tasbihi za Kitibeti juu yake hukaa kipande kidogo kilichochongoka kama ncha ya pia. Kisha kishada. Na kuna sehemu moja ambayo huwezi kuiona ila ukizitenganisha punje kwa kucha: uzi. Watibeti wengine hutunga kwa nyuzi tisa zilizosokotwa pamoja, moja kwa ajili ya Buddha wanayemwita Vajradhara na nane kwa ajili ya bodhisatva wanane, watakatifu wao. Hakuna anayeusifia uzi, lakini ndio unaoifanya tasbihi iwe tasbihi.

Kama mashaka yako ni ya imani, yapeleke kwa padri, mchungaji au shehe wako; huyo ndiye wa kumuuliza. Lakini tunakuomba, mama, usikubali mtoto wako anyooshewe kidole cha uchawi kwa sababu ya punje za mbao. Huku kwetu neno hilo limeshaumiza watu wengi wasio na hatia.

SWALI: Kwa nini 108? Kwa nini isiwe 100 kamili? (Mwalimu wa hisabati, Sengerema)

JIBU: Mwalimu, hesabu hii utaipenda. Ipo hotuba ya Buddha, iliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha nyingine ya kale ya India, inayotaja aina 108 za hisia. Anza na milango sita: jicho, sikio, pua, ulimi, mwili na akili. Wabuddha huihesabu akili kuwa mlango wa sita, kwa sababu wazo nalo huingia bila kubisha hodi, kama harufu. Kila mlango huleta moja kati ya mambo matatu: raha, karaha, au hali isiyo raha wala karaha. 6 × 3 = 18. Kila moja ya hizo inaweza kumpata mtu aliyeng'ang'ania mambo ya dunia, au mtu anayejifunza kuyaachia. 18 × 2 = 36. Na kila moja inaweza kuwa ya jana, ya sasa au ya kesho. 36 × 3 = 108.

Tuichukue punje moja tuitazame. Unapita Mwaloni, Kirumba, saa tatu asubuhi, ukasikia harufu ya sangara anayekaangwa. Mlango ni pua. Kilichokuja ni raha. Umeitaka, kwa hiyo umeng'ang'ania. Wakati ni sasa. Hiyo ni punje moja. Mchana uko kazini, harufu ile inakurudia na mate yanajaa mdomoni: pua ileile, raha ileile, ila sasa ni ya wakati uliopita, punje nyingine. Ukianza kupanga kwamba Jumamosi lazima urudi, ni ya wakati ujao, punje ya tatu. Sangara mmoja amekuchukulia punje tatu na hujamwonja. Ndiyo maana tunasema punje hizi hazihesabu dhambi. Zinahesabu matundu ambayo moyo hutorokea, na anayezisogeza kila siku huanza kumwona mtoro wake akiwa bado mlangoni.

Huko Japani, usiku wa kuamkia mwaka mpya, kengele za mahekalu hugongwa mara 108, na tafsiri ya kawaida ni pigo moja kwa kila uchafu wa moyo.

Kuhusu swali lako la 100 kamili, Watibeti wana jibu tunalolipenda kuliko yote. Wao wakimaliza mzunguko wa punje 108 huandika 100. Zile 8 ni fidia: kwa punje iliyoruka, kwa neno lililosemwa nusu, kwa mara ambazo mtu alisinzia au alikuwa anawaza kodi ya nyumba. Ni kama muuza dagaa anayekupimia sado ikajaa, kisha akaongeza kiganja kimoja juu kwa sababu anajua wengine watakuwa wamevunjika. Makosa yamewekewa nafasi tangu wakati wa kutunga. Hakuna anayeanza tasbihi akitegemewa awe mkamilifu.

Na yapo maandiko ya Kichina yanayosimulia mfalme wa nchi ndogo iliyoandamwa na vita, njaa na maradhi. Alimwomba Buddha njia ambayo mtu mwenye shughuli nyingi kama yeye angeweza kuifuata. Jibu lilikuwa: tunga mbegu 108 za mti wa sabuni, uwe nazo ukitembea, ukikaa na ukilala, na kila punje taja Buddha, mafundisho yake na jumuiya yake. Mti huo upo kweli. Tunda lake likisuguliwa majini hutoa povu, na huko Asia watu wamelifulia nguo tangu zamani. Mbegu yake ni nyeusi na ngumu kama jiwe.

SWALI: Nimeuziwa bangili ya shanga 18. Mchuuzi alisema Wabuddha huivaa kuvuta bahati. Mimi ni mvuvi wa dagaa, naivaa nikiingia ziwani lakini sijaona mabadiliko. Nimeuziwa feki? (Kijana, Igombe)

JIBU: Ndugu yetu, bangili inaweza kuwa halali kabisa. 18 ni 108 kugawanya kwa 6, na zipo pia za 27, 36 na 54 kwa hesabu hiyohiyo. Kisicho halali ni maneno ya mchuuzi. Dagaa hufuata taa, na usiku wa giza hushinda usiku wa mbalamwezi. Hilo unalijua kutuzidi. Mafundisho ya Buddha yanasema matokeo hufuata matendo, kwa hiyo bangili inayoleta samaki bila kazi inapingana na dini inayodaiwa kutoka.

Matumizi yake ya kweli yako kwenye zile saa mnazosubiri taa ikusanye dagaa. Zungusha bangili mara sita, pumzi moja kwa punje, umepata 108. Ila ivue kabla ya kuvuta nyavu. Lastiki ikinaswa kwenye tundu la wavu unaovutwa, mkono ndio utakaoumia.

SWALI: Duka moja linauza tasbihi za "mbegu ya mti wa Buddha". Tutajuaje ni za kweli? Na je, tunaweza kutengeneza kwa mbegu za hapa kwetu? (Kikundi cha akina mama wasusi wa vikapu, Mkuyuni)

JIBU: Shikamooni akina mama. Mko mahali penye jina la kufaa kwa swali hili. Mti ambao Buddha aliketi chini yake akapata mwanga, huko Bodh Gaya nchini India, ni ndugu wa mkuyu. Sasa pasueni kuyu moja: mbegu zake ni kama punje za mchanga. Za mti wa Buddha ni hivyohivyo. Hakuna keekee inayoweza kuzitoboa. Kwa hiyo hakuna tasbihi ya mbegu za mti ule, na anayeapa kwamba anayo ama hajui ama anawadanganya.

Zinazouzwa kwa jina hilo hutoka kwenye mimea mingine. Za Nepal zinazothaminiwa sana ni za mti wa jamii ya mkunazi. Zile nyeupe zenye vidoa vingi vidogo na duara moja, ambazo Wachina huziita nyota na mwezi, ni mbegu za henzirani. Si feki. Zimekuwa zikitumika kwa heshima kwa muda mrefu. Jina tu ndilo linalochanganya. Mkitaka kuuona mti wenyewe si lazima mwende India: Dar es Salaam lipo hekalu la Kibuddha ambalo mizizi yake ni Wasinhala wa Sri Lanka waliofika mwanzoni mwa karne ya 20, na uwanjani pana mti huo.

Kutengeneza wenyewe mnaweza. Mmea mzuri kuliko yote ni ule wa majani kama ya mahindi, unaopenda maji, wenye mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa, umbo la chozi. Wengi huuita chozi la Ayubu. Wabuddha wa Asia wanautumia tangu kale kwa sababu mbegu ina tundu lake la asili: ukiung'oa utepe mdogo uliomo katikati, sindano inapita. Vuneni mbegu zilizokwisha kugeuka rangi. Za kijani zitanywea na kupasuka. Zianikeni kivulini wiki mbili. Kwa tasbihi moja vuneni 150, maana nyingine zitakuwa tupu au zimetobolewa na wadudu.

Jambo moja la kukazia. Msitumie kamwe zile mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, tipitipi. Ni nzuri machoni na zimetungwa kama shanga nchi nyingi, lakini ndani zina sumu kali sana. Ganda likiwa zima sumu imefungwa. Mkilitoboa mmeifungua, na vumbi lake likiingia kwenye kidonda au puani ni hatari, sembuse mtoto anayetafuna mkufu wa mama yake.

SWALI: Uzi wa tasbihi yangu ya msandali umekatika nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Nimeokota punje 105. Je, ni nuksi? Na nitaitunga vipi? (Msomaji, Kamanga)

JIBU: Pole sana. Si nuksi. Mafundisho ya Buddha yanasema kila kilichounganishwa kitaachana, na uzi uliokatika ni somo hilo likiwa mkononi mwako. Kuitunga upya wengi hukuhesabu kuwa sehemu ya ibada.

Kwanza chunguza ncha iliyokatika. Ikiwa imechanika manyoya manyoya, uzi ulikuwa unasagwa na ukingo mkali wa tundu. Viringisha msasa laini uwe mwembamba kama kijiti cha meno, uzungushe mara tatu nne ndani ya kila tundu, pande zote mbili. Ikiwa ncha ni nyeusi na inamomonyoka, uzi ulioza kwa jasho na unyevu. Pamba hufanya hivyo haraka hapa kando ya ziwa. Uzi uliorefuka na kulegea kabla ya kukatika ulikuwa ni lastiki. Usirudie.

Nenda duka la nyavu na punje moja mfukoni. Omba uzi wa nailoni uliosokotwa, ule wa kushonea nyavu, na ujaribu hapohapo: upite kwenye tundu bila kusukumwa, lakini usiache nafasi ya uzi wa pili. Usichukue uzi wa mshipi ule mgumu unaoonekana kama plastiki. Fundo lake huteleza, na ukivutwa unakata mbao.

Kwa urefu, hesabu hivi. Punje za milimita 8 mara 108 ni milimita 864, karibu sentimita 86. Ongeza sentimita 20 kila upande za kufungia, na kidogo cha tahadhari: kata mita moja na nusu. Ukitaka fundo kati ya kila punje na mwenzake, kata mita nne, maana fundo moja hula zaidi ya sentimita moja. Sisi tungekushauri uache mafundo. Punje zinatakiwa ziteleze.

Zipange juu ya taulo, kumi kumi, zisibiringike. Una 105, zinapungua 3, na hilo lina dawa nzuri: tafuta punje tatu za mti mwingine, hata mpingo, zenye ukubwa uleule, uzitie nafasi ya 27, ya 54 na ya 81. Zitakuwa ndizo alama zako za robo. Chovya ncha ya uzi sentimita tatu kwenye supaglu, iache ikauke, ikate mshazari. Sasa huhitaji sindano.

Ukimaliza kutunga, hesabu tena kabla ya kufunga. Hapa ndipo wengi hujuta. Punje ya mwalimu ina matundu matatu: ncha moja iingie kushoto, nyingine kulia, zote mbili zitokee juu. Vuta, kisha rudisha ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu, yaani punje tatu hivi zingeweza kuongezeka. Ukikaza kabisa, punje hazitasogea na uzi utakatika tena kwenye fundo. Funga mafundo mawili, kata mabaki, yeyusha ncha kwa njiti ya kiberiti ukiwa umeifunika punje kwa kidole kilicholowa.

Msandali usiulowanishe wala usiupake vanishi, harufu itakufa. Futa kwa kitambaa kikavu. Masika uuweke kwenye mfuko wa nguo. Ndani ya nailoni utaota ukungu. Na usiitundike kwenye kioo cha gari, jua la mchana hupasua mbao na mbegu.

SWALI: Nimejaribu kutumia punje hizi kutuliza mawazo nikitoka kazini. Nikifika kama ya 30 nakuta niko mbali, sijui nimehesabu au la. Nakosea wapi? (Dada, Buzuruga)

JIBU: Dada, uko mahali ambapo kila anayeanza hupita. Yapo makosa matatu ya mkono ambayo huleta upotevu huo, na yanarekebishika.

La kwanza ni kushika. Laza tasbihi juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, gumba livute punje kuja kwako. Watibeti wengi hutumia mkono wa kushoto, na kidole cha shahada badala ya cha kati. Fuata desturi moja usichanganye. Vuta kwa nyama ya gumba. Ukivuta kwa kucha, punje mbili hupita pamoja.

La pili ni mwendo. Pumzi ya kawaida ni kama 12 kwa dakika, kwa hiyo 108 zinamalizika kwa dakika 9. Ukipumua taratibu, 6 kwa dakika, ni dakika 18. Ukijikuta umemaliza kwa dakika 4, vidole vimekimbia na pumzi imeachwa nyuma. Punje isogee pumzi inapokwisha kutoka, si kabla. Kama unatumia maneno, kwa mfano yale mashuhuri kwa Watibeti, Om Mani Padme Hum, yana silabi sita. Zisikie zote sita ndipo usogeze.

La tatu ni kule mwisho. Ukifika punje ya mwalimu usiivuke. Geuza tasbihi, na punje ya mwisho uliyoishika iwe ya kwanza ya mzunguko unaofuata. Maana yake ni heshima: mtu hamruki mwalimu wake. Lakini ina kazi pia. Ni kubwa, kidole kinaitambua hata gizani, na tendo la kugeuza hukuamsha kama ulikuwa umesinzia.

Ukigundua umepotea kwenye ya 30, usirudi kwenye ya kwanza. Hilo ndilo linalokuchosha. Ikumbuke hesabu ya Watibeti tuliyomweleza mwalimu wa Sengerema: punje nane zipo kwa ajili yako. Tazama punje iliyo kwenye gumba sasa hivi, hata kama hujui ni ya ngapi, vuta pumzi, endelea na inayofuata. Na kwa mwezi wa kwanza fanya robo tu, punje 27, kabla hujawasha simu wala jiko.